Saa ya taa za Nixie: maswali ninayoulizwa kila siku na wanaotaka kuanza

Saa yangu iko juu ya kabati sebuleni, hapa Majengo, Mombasa, na mgeni akiingia hata hajakaa ashauliza "na ile ni nini yawaka vile?" Halafu akitoka anamwambia mwenzake, mwenzake ananipigia, na mimi narudia yaleyale tangu mwanzo. Basi nimeyaweka yote hapa. Mimi si injinia, nilianza kwa kufungua redio za mzee na kushindwa kuzifunga, kwa hivo nikikwambia "usifanye hivi" jua nshafanya na kikaungua kitu.

Kwanza, hii Nixie ni nini? Si ni balbu tu?

Si balbu. Balbu ina waya ndani unaopata moto mpaka ukang'aa, hii haina. Ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa kikatiwa gesi ya neoni kidogo, na ndani mna vibati kumi vyembamba vilivyokatwa umbo la namba, 0 mpaka 9, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kama sahani kwenye rafu. Mbele yake pana wavu mwembamba. Wavu ndo anodi, yaani upande wa chanya, na kila namba ni katodi, upande wa hasi, yake yenyewe na mguu wake wenyewe unatoka nje chini. Ukipeleka kama volti 170 za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri) kati ya wavu na namba moja, gesi iliyoigusa namba hiyo yawaka rangi ya chungwa. Chuma chenyewe hakiwaki, kinachowaka ni gesi iliyokifunika kama shuka, ndo manake waishika taa na vidole (kwa juu kwenye kioo!) na haiunguzi, ni vuguvugu tu. Na hizo namba hazikupangwa 0, 1, 2, 3 kwa zamu, zimechanganywa ili zisizibane, kwa hivo sekunde zikienda waona mwanga unaruka mbele, nyuma, katikati, nyuma. Ukishaiona hiyo kwa macho yako umekwisha, utauza simu ununue taa.

Zilitoka wapi na kwa nini hazitumiki tena?

Kampuni ya Burroughs ya Marekani ndo ilizitoa sokoni 1955, na Nixie lilikuwa jina lao la biashara, likaganda kwa taa zote za aina hiyo hata za wengine, kama vile sisi tunavyoita sabuni yoyote ya unga Omo. Zilikaa kwenye mashine za kupimia za maabara, mizani, na kwenye ANITA ya Uingereza ya 1961, kikokotozi cha kwanza cha mezani cha elektroniki tupu. Miaka ya 70 zikaja LED, zala volti chache, hazivunjiki, bei ya chini, na Nixie ikafa. Lakini Warusi waliendelea kuzitengeneza muda mrefu baada ya wengine kuacha na stoo zao zikabaki zimejaa, na ndo manake taa nyingi utakazopata leo zina herufi za Kirusi ubavuni, ИН, ambayo sisi twaandika IN.

Ni hatari? Nisikie ukweli.

Ndio, ni hatari, na mtu akikwambia "haiui, inatekenya tu" usimwamini. Volti 180 za DC kutoka kwa saketi ndogo hazina nguvu kama za ukutani lakini zinauma vibaya, na madhara makubwa mara nyingi ni yale ya pili: mimi ilinipiga kwenye kidole, mkono ukaruka wenyewe nyuma, ukapiga kikombe cha kahawa chungu kikamwagika chote juu ya bodi niliyokaa nayo siku tatu. Ingekuwa chuma cha kulehemu nilichopiga, leo ningekuwa na alama usoni.

Sasa ongeza na hali yetu sisi. Mombasa mtu anafanya kazi kifua wazi, mikono imelowa jasho, miguu mitupu juu ya sakafu ya simenti. Ngozi ikiwa na jasho umeme wapita kwa urahisi zaidi. Kwa hivo: vaa ndara, futa mikono, feni iwashe, na stima ikiwa imewaka kwenye bodi tumia mkono mmoja tu, wa pili tia mfukoni au kaa juu yake, sababu umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule njia yake yapita kifuani. Ukizima, subiri. Kapasita, kile kijikopo cha kutunza umeme, inashika chaji hata adapta ikiwa mezani. Mimi naweka rezista ya kilo-ohm 470 sambamba na kapasita ya pale zinapotokea volti kubwa, ikae pale milele, na kwa kapasita ya mikrofaradi 4.7 chaji yaisha kwenye sekunde kumi na kitu hivi. Halafu bado napima na multimita kabla ya kugusa. Kila mara, hata nikiwa na haraka, hasa nikiwa na haraka.

Watoto wakiwa chumbani, funga kazi.

Ukutani kuna volti 240, si nizitumie hizohizo tu?

Hapana. Narudia hapana kwa sababu hili swali naulizwa sana na vijana wa ufundi. 240 za AC (umeme wa kwenda na kurudi) ukizinyoosha na diodi na kapasita zinakuwa kama 340 za DC, na saketi yako yote inakuwa imeshikana na laini ya ukutani bila kitu kuwatenga, kila skrubu ya kasha ni mtego. Tunatumia adapta ya volti 12, ampia 1 au 2, ile ya ruta, halafu ndani ya saa tunazipandisha mpaka 180 kwa saketi ndogo. Hivo fujo yote ya volti kubwa inabaki ndani ya eneo la kiganja cha mkono.

Hiyo saketi ya kupandisha volti naijenga au nainunua?

Ya kwanza nunua. Ziko bodi ndogo zimekamilika, waingiza 12 zatoka 180, na kuna kiskrubu cha kurekebisha. Ipime peke yake kabla ya kuunganisha chochote.

Ya pili jenga, manake hapo ndo utaelewa. Yangu ni chipu ya MC34063 na mosfeti (swichi ya elektroniki) ya IRF740 ambayo inabeba mpaka volti 400, na koili ya mikrohenri 100. Mosfeti inapitisha na kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kila ikipitisha koili inajaa, kila ikikata koili inatapika kwa hasira volti nyingi kuliko ilizopewa, diodi inazipitisha kwenda kwa kapasita na hazirudi. Diodi lazima iwe ya kasi, UF4004 kwa mfano. Fundi atakupa 1N4007 akwambie ni sawa tu, si sawa, ile ni ya kazi ya polepole, hapa itapata moto na volti zitakataa kupanda, nilikaa wiki nzima namlaumu mosfeti.

Kapasita ya volti nyingi usihangaike kununua. Zile taa za enaji seva zilizokufa, zile za kujipinda, ukifungua kitako chake ndani mna kapasita ya volti 400, mara nyingi ya mikrofaradi 4.7 hivi, ndo hiyohiyo tunayotaka. Hakikisha haina chaji na haijavimba, na usivunje ule mrija mweupe manake una zebaki. TV za kichogo pia zina vitu vizuri lakini kama hujui pa kushika usifungue, mle ndani mna volti za kutisha kuliko hizi zetu.

Nianze na taa gani?

IN-12. Najua umeona picha ya zile kubwa, IN-18, namba zake zina urefu wa milimita 40 na ni nzuri hakuna ubishi, lakini sita za hizo ni kodi ya nyumba ya miezi, na taa yako ya kwanza huenda ukaiua. IN-12 namba zake ni milimita 18, waitazama kwa juu yaani uso wake uko kichwani, na miguu yake ni migumu inaingia kwenye soketi, hulehemu taa yenyewe kabisa, ikifa wachomoa waweka nyengine. Hilo tu latosha. Iko IN-12A isiyo na nukta na IN-12B yenye nukta, kwa saa zote sawa.

Kitu kimoja cha kuchekesha: itazame 5 ya IN-12 vizuri. Ni 2 iliyopinduliwa kichwa chini. Waliokoa kibati au walichoka, sijui, lakini ukishaiona huwezi tena kutoiona, na kuna watu wanaikataa taa kwa sababu hiyo. Wao wanapenda IN-14, ambayo urefu wa namba ni uleule, lakini yasimama wima na 5 yake ni 5 ya kweli. Shida ni kwamba IN-14 ina nyaya laini ndefu badala ya miguu, lazima uzipitishe moja moja kwenye matundu ya bodi, na kioo mahali nyaya zinapotokea ni pepesi sana, ukizikunja kwenye mzizi hewa yaingia na hiyo basi tena.

Ziko pia mpya kabisa. Mcheki mmoja, Dalibor Farny, alijifunza upya kuzitengeneza kwa mkono na anauza. Ni kazi ya kuvulia kofia, na bei yake ni ya kuvulia shati.

Nazipata wapi nikiwa Mombasa?

Taa zenyewe hutazipata mjini, usizunguke Digo Road kwenye jua kuuliza, nshakuulizia. Zinaagizwa nje, wauzaji wengi wa mtandaoni wako Ulaya ya mashariki, na zinakuja kwa posta. Mwambie muuzaji azifunge kila moja kwa sponji, si gazeti. IN-12 moja bei yake ni kama sahani mbili tatu za biriani, inategemea na wakati na muuzaji. Ushauri wangu ambao hakuna anayeufuata: usinunue sita mara moja. Nunua mbili. Jenga mtambo wa volti, washa taa moja, ikae imewaka usiku mmoja, ndo urudi kuagiza zilizobaki. Nawajua watu watatu wenye taa sita kwenye droo na hawajawahi kuwasha hata moja.

Vitu vyengine, rezista, transista, bodi za mikrokontrola (kijikompyuta cha kuendesha saa), huku vinapatikana kidogokidogo kwa mafundi na maduka ya vifaa, ukikosa kuna Luthuli Avenue kule Nairobi, unalipa kwa M-Pesa wanakutilia kwenye basi la usiku asubuhi unachukua.

Kwani rezista ni ya nini? Nimeona kila taa ina yake.

Taa ya Nixie haina breki. Kabla haijawaka inataka kama 170, lakini ikishawaka yenyewe inashuka mpaka kwenye 140 hivi, na ukiiacha bila kizuizi itavuta umeme mpaka ijichome. Rezista ndo breki, na inakaa upande wa anodi, moja kwa kila taa.

Hesabu ni ya darasani: mtambo 180, taa 140, zinabaki 40. IN-12 inataka kama milliampia 2.5. Gawa 40 kwa 0.0025 wapata ohm 16,000. Kama huna ya kilo-ohm 16 tumia 15 au 18, mimi napenda 18, mwanga unapungua kidogo sana na taa inapumua. Ya robo wati yatosha. Usiweke rezista moja ukaunganisha taa zote sita, nimeona mtu kafanya hivo, ikiwaka moja nyengine zinazimika akadhani nyumba ina jini.

Chipu gani inawasha namba?

Hapa tukae kidogo. Mikrokontrola, iwe Arduino Nano au nini, mguu wake unabeba volti 5. Ukiugusisha na 180 umeiua kabla hujasikia harufu. Pakae kitu katikati, na kile kilichotengenezwa kwa kazi hii ni chipu ya 74141, ambayo Warusi waliitoa yao wakaiita K155ID1. Waipa namba kwa waya nne, yeye anafungua mguu mmoja kati ya kumi kwenda ardhini, namba hiyo yawaka. Rahisi. Zauzwa palepale panapouzwa taa.

Kwa mtu anayeanza mimi nasema kila taa iwe na K155ID1 yake. Taa sita, chipu sita. Waya zitakuwa nyingi, kwa hivo weka chipu tatu za 74HC595, kila moja ina matokeo manane na kila taa yataka manne, yaani 595 moja yalisha taa mbili, na kutoka kwa Nano unatumia miguu mitatu tu. Ile njia nyengine, ya chipu moja kuzungushwa kwa taa zote kwa kasi mpaka jicho lidanganyike, inaokoa chipu lakini yaja na mambo yake: lazima uzime katikati ya taa na taa la sivyo namba ya jirani itaonekana kama kivuli, na kila anodi yataka swichi yake ya transista za volti kubwa, MPSA42 na MPSA92. Iache kwa saa ya pili.

Na sasa msiba wangu. Chipu ya miguu 16 sote tumezoea umeme waingia mguu wa 16 na ardhi ni mguu wa 8, kwenye kona. K155ID1 haiko hivo. Umeme wake ni mguu wa 5, ardhi ni wa 12. Mimi nilichora bodi nzima kwa mazoea, nikaichapisha, nikalehemu zote sita, nikawasha. Hakuna hata moja iliyopona. Soma data shiti, ile karatasi ya maelezo ya chipu, hata kama unaijua, hata kama ni Kirusi, michoro ni ileile.

Jambo jengine, hizi chipu ni za kizamani na zina njaa, kila moja yala kama milliampia 20 za volti 5 hata ikiwa haifanyi kitu. Sita ni 120. Ukitoa hizo 5 kutoka kwa 12 kwa regyuleta ya 7805 itapata moto, ipe kipande cha bati ipumulie au tumia moduli ya kushusha volti ile ndogo.

Sijui kuprogramu. Nimekwisha?

La. Programu ya saa ni fupi, soma saa, gawa makumi na mamoja, sukuma. Iko tele mtandaoni, nakili, ibadilishe kidogo, iharibike, itengeneze. Wiki mbili.

Stima ikipotea saa inaanza 00:00 tena?

Kama hujaweka chipu ya kutunza wakati, ndio, na kwa stima yetu hii utakuwa unaseti saa kuliko kuitazama. Weka DS3231. Ina kristali yake ndani na inajirekebisha kwa joto, kwa hivo kupotea kwake ni kama dakika moja kwa mwaka ikizidi. Kuna ndugu yake wa bei ya chini, DS1307, ambayo kristali yake iko nje na haijui joto, na kwenye joto letu dakika moja kwa mwezi si ajabu.

Chunga kitu: ile moduli ya bluu ya DS3231 ya bei rahisi imewekwa diodi na rezista ya kuchaji betri. Wengi wetu twaweka CR2032 ambayo si ya kuchaji, inaweza kuvimba. Ng'oa hiyo diodi, sekunde tano tu.

Halafu stima ikirudi hurudi kwa kishindo. Adapta nzuri itavumilia, mbovu itapitisha. Usibane matumizi hapo.

Si bora itoe saa kwenye intaneti?

Yaweza, tumia ESP32, mikrokontrola yenye wai-fai yake, weka UTC (saa ya dunia) jumlisha 3 na umemaliza, sisi hatuna mambo ya kusogeza saa kila msimu kama Ulaya. Lakini bado weka DS3231, manake bando huisha.

Hewa ya bahari haiharibu?

Inaharibu, na hili hutalisoma kwa wale wa Ulaya. Saa yangu ya kwanza ilikaa dirishani upande wa upepo, msimu wa kusi, mvua za mwezi wa tano. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona kwenye taa moja 8 yawaka sawasawa lakini nyuma yake pana 3 kama mzimu, hafifu. Nikabadilisha chipu, wapi. Kumbe ni uchafu wa flaksi, ile dawa ya kulehemu, niliouacha kati ya miguu baada ya kulehemu, umenyonya unyevu na chumvi, na kwa volti 180 njia ndogo kama hiyo yatosha kupitisha umeme wa kuwasha kimzimu. Kwa volti 5 nisingejua maisha.

Tangu hapo: nikimaliza kulehemu naosha bodi na spiriti na mswaki wa zamani, naianika juani mpaka ikauke kabisa, ndo naipaka vanishi ya wazi ya bodi za saketi, isipokuwa kwenye soketi. Soketi za IN-12 nazo kila baada ya miezi michache nachomoa taa nafuta miguu, manake inapata kutu ya kijani na namba moja inaanza kukonyeza. Na saa sasa iko kabatini ndani, siyo dirishani.

Zitaishi miaka mingapi?

Inategemea na wewe. Wale wa zamani waligundua ukitia zebaki kidogo sana kwenye gesi vibati haviliwi haraka, na taa za aina hiyo zinaishi muda mrefu kweli. Ukiona kama ukungu wa bluu pembeni ya mwanga wa chungwa usishtuke, ndo hiyo.

Kinachoua saa zaidi ni namba kukaa bila kazi. Fikiria taa ya makumi ya masaa: inaonyesha 0, 1, 2 tu maisha yake yote. Vumbi la chuma linalong'oka kwenye namba zinazowaka linatua kwenye zile zisizowaka, siku ukiitaka 7 yawaka nusu, kipande kina mwanga kipande kiza. Dawa yake ni kuzizungusha zote 0 mpaka 9 kwa kasi mara kwa mara, mimi yangu inafanya hivo kila baada ya dakika kumi kwa sekunde chache, na wageni wanadhani ni mapambo. Halafu izime usiku. Mwaka una masaa 8,760, ukizima kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi umeokoa masaa 2,555 na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Tokeni ya stima itaisha haraka?

Taa sita ni chini ya wati 3, weka na chipu na upotevu, sema wati 5. Mwezi mzima haifiki yuniti nne.

Kasha nitengeneze na nini?

Mbao. Mimi nilipata kipande cha mvule kwa seremala, mabaki ya mlango, akanitobolea matundu sita kwa bei ya soda. Mwembe ni rahisi na una mistari mizuri ila uukaushe sana, wangu ulipinda. Nyuma weka perspeksi, hewa ipite lakini kidole cha mtoto kisipite. Bati la chuma silipendi hapa, labda ulifunge ardhini vizuri.

Taa ikivunjika, na hiyo zebaki?

Ni chembe ndogo, lakini fungua madirisha, toa watoto, okota kwa karatasi na gundi ya utepe, usifagie wala usitumie mkono mtupu.

Yaweza kuonyesha saa ya Kiswahili?

Hili swali nililiuliza mwenyewe, manake nyanya yangu alikaa mbele ya saa ikiwa imeandika 19:20 akaniambia "hii saa yako mbovu, Isha haijaadhiniwa na wewe washa kumi na tisa." Na yuko sawa, kwake ni saa moja na dakika ishirini, na saa iliyo nyumbani kwake iongee lugha ya nyumba.

Ni mstari mmoja wa programu. Chukua saa ya masaa 24, ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki. Baki ikiwa 0 andika 12. Jaribu: 7 asubuhi ongeza 6 ni 13, baki 1, saa moja. Mchana 12 ongeza 6 ni 18, baki 6, saa sita. Jioni 18 ongeza 6 ni 24, baki 0, basi 12. Mimi nimeweka kitufe nyuma, ukibonyeza inabadilika kutoka ya kizungu kwenda ya kwetu. Nyanya aliuliza mbona haisemi mchana au usiku, nikamwambia achungulie dirishani, hakufurahi, basi nikatia taa mbili ndogo za neoni katikati ya masaa na dakika: usiku zinawaka zote mbili, mchana moja.

Nimejenga, taa moja haiwaki. Nifanyeje?

Usianze kung'oa. Zima, subiri, chomoa taa hiyo uipeleke kwenye soketi ya jirani. Ikiwaka huko, taa ni nzima, angalia rezista yake, soketi na chipu yake. Ikiwa namba moja tu ndo haiwaki na zengine zawaka, karibu kila mara ni mguu wa soketi au lehemu ya baridi, ile iliyofanya uvimbe bila kushika. Ikiwa zote zawaka nusunusu, pima mtambo wa volti taa zikiwa zimewaka, siyo zikiwa zimezimwa, pengine unashuka chini ya 170 ukipewa mzigo.

Ikiwa taa haiwaki popote, au yatoa rangi ya zambarau iliyofifia badala ya chungwa, itazame chini miguu inapoingia kwenye kioo. Ukiona ufa hata wa unywele, hewa imeingia, hiyo haina dawa. Yangu ya kwanza iko kwenye ufunguo wa nyumba.